Bunduki Isiyowekwa Chini

Rais wa chama chetu cha wamiliki wa bunduki hana kazi yoyote. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za wakubwa. Anayefanya kazi ni mkurugenzi. Yeye ndiye anayekwenda bungeni kubishana kuhusu sheria ya leseni za silaha, ndiye anayejibu magazeti pale mtu anapopigwa risasi na gazeti linatafuta wa kumlaumu, ndiye anayeajiri na kufukuza. Rais anakata utepe. Anagawa vikombe kwa walenga shabaha hodari, anahudhuria mazishi ya wanachama wa zamani, na mara moja katika mwaka wake anasimama jukwaani na kuinua bunduki kuukuu juu ya kichwa chake huku ukumbi mzima ukisimama na kupiga makofi. Mwaka ukiisha anashuka, picha yake inatundikwa ukutani, basi.

Mimi naitwa Shufaa, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu katika ofisi ile ya Midrand, Afrika Kusini, ni kupanga shughuli. Nani akae wapi, nani atangulie, maua gani, nani asiwekwe meza moja na nani. Bunduki sizijui. Sijui risasi inaingilia wapi wala sina hamu ya kujua. Majirani zangu wa mtaa wa Bellevue, Johannesburg, hunitania kwamba nakula mkate wa watu wa vita, nami huwajibu kwamba watu wa vita ninaowajua mimi ni wazee wenye kisukari wanaogombea kiti cha mbele.

Kutoka mapokezi hadi chumba cha mikutano pana ushoroba mrefu, na marais wote wamo humo, kila mmoja katika fremu yake na bunduki ile ile mikononi. Wa kwanza ni mkulima mwenye ndevu za kufika kifuani. Hadithi yake ndiyo msingi wa chama, na kila mwaka naichapisha upya katika kijitabu cha sherehe. Inasemwa kwamba serikali ya siku hizo iliamuru wakulima wa upande wake wapeleke bunduki zao uwanjani na kuziweka chini mbele ya askari. Wote wakaziweka. Ya kwake mkewe aliificha ndani ya pipa la unga, na askari walipoondoka akampa mumewe mlangoni, mkono kwa mkono, mtutu ukiwa bado umejaa unga. Kwa hiyo bunduki ile haijawahi kuwekwa chini, na hiyo ndiyo fahari yote ya chama. Kama ni kweli mimi sijui. Mtafiti mmoja aliwahi kuja kuuliza pipa liko wapi, akapewa chai, akaaga.

Tangu hapo rais mpya hukabidhiwa bunduki hiyo na mkewe, naye huapa kwa maneno machache: “Nimeipokea kutoka mikononi mwa fulani. Haijawekwa chini.” Kati ya sherehe moja na nyingine inakaa ndani ya kabati la kioo, imening'inizwa kwa mikanda miwili ya ngozi, maana hata rafu wanaihesabu kuwa ni chini. Nilipoanza kazi niliona ni mchezo wa watoto. Baadaye nilizoea, kama mtu anavyozoea mkwe mwenye mambo yake.

Baada ya mkulima wanafuata maofisa wenye medali, wote wamekunja uso. Kisha bingwa wa kulenga shabaha aliyekuwa kiziwi wa sikio moja. Kisha mtangazaji wa redio, aliyechaguliwa kwa sababu sauti yake ilijulikana nchi nzima. Kisha daktari wa meno aliyekuwa kapera, akaambiwa bila mke hakuna kukabidhiwa, akaoa haraka-haraka, na ndoa yenyewe haikuuona mwaka uliofuata. Nchi ilipobadilika alichaguliwa mfanyabiashara wa teksi kutoka Soweto, Mwafrika wa kwanza katika ushoroba ule, na wa kwanza kucheka ndani ya picha. Halafu akaja mama mmoja, mwalimu wa shabaha, ambaye mumewe alimkabidhi bunduki huku mikono ikimtetemeka kuliko ya bibi harusi. Ukitembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho unaona jambo moja waziwazi. Hawa hawakuchaguliwa kwa walichofanya, walichaguliwa kwa sura ambayo chama kilitaka kuonekana nayo mwaka huo.

Mwaka huu chama kilitaka sura ya mhamiaji. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba sisi ni chama cha watu wanaowaogopa wageni, na mkurugenzi wetu, Bwana Lourens, si mtu wa kukaa na aibu ya namna hiyo. Akatafuta. Akampata Ignace Cirhuza.

Ignace ni Mkongo wa Bukavu, mtu mrefu, mpole, anayenyoosha suruali zake mpaka unaweza kukatia nyanya. Alikuja Johannesburg akaanza kwa kulinda magari ya watu mbele ya maduka, akawa mlinzi wa benki, akapata uraia, na sasa ana shule ndogo ya kufundisha walinzi pale Malvern, barabara ya Jules, juu ya duka la magodoro. Kombe la bastola la jimbo amelichukua mara mbili. Wanachama walipopiga kura alishinda kwa wingi, akaja ofisini kwangu na machozi machoni.

“Dada Shufaa,” aliniambia, “muda wote niko mu inchi hii wananiita majina. Hata na karatasi yangu ya uraia mukononi, polisi ananiuliza nimeiiba fasi gani. Sasa watatia jina langu pale ku ukuta. Cirhuza. Watoto wangu watapita wataona.”

“Hongera, Papa Arlène,” nikasema. Arlène ni binti yake mkubwa. “Sasa nahitaji kipimo cha gauni la mama kwa ajili ya mpambaji. Rangi zisigongane.”

Hapo akaitazama kofia yake. Nikajua kuna jambo.

“Mama Arlène amekataa,” akasema.

Alikuwa amekubali kuwa mke wa rais. Alikuwa amekubali kukaa meza ya mbele, kuvaa, kupigwa picha, kusalimiana na wake za wazee wa Pretoria. Alichokataa ni kimoja tu: kumkabidhi mumewe bunduki. Ignace alikuwa amembembeleza, amemleta mchungaji wao, amemweleza kwamba bunduki yenyewe ni chuma cha zamani kisichoweza kuua hata panya. Mkewe, Jeanne, alijibu hapana na kuendelea kushona.

“Sababu ni nini?”

“Ni mambo ya vita. Ndugu yake.” Akainuka. “Lakini ni ya zamani, dada. Na hii haina risasi. Uende umusemeshe, yeye anakusikilizaka.”

Nilikwenda kwanza kwa Bwana Lourens nikamuuliza kama binti anaweza kukabidhi badala ya mama. Alinisikiliza vizuri, akafikiri, akasema haiwezekani. Mke au mume, kama ilivyokuwa mlangoni kwa mkulima. Wakianza kulegeza hilo, alisema, watabaki na nini? Kama Bibi Cirhuza hayuko tayari, makamu wa rais ataapishwa, naye ana mke. Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekusomea ratiba ya ndege. Kwa hiyo jambo lote, jina ukutani na watoto kupita na kuona, lilibaki juu ya mikono miwili ya mwanamke mmoja.

Jeanne anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, si mbali na kwangu. Nyumba ni ya zamani, imegawanywa vyumba, na ukumbi umejaa baiskeli za wapangaji. Nilimkuta Jumamosi asubuhi akikata kitambaa cha kwaya ya kanisa lao, pini mdomoni, redio ikihubiri kwa Kifaransa. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa urahisi. Siku hiyo hakucheka.

“Yeye njo amekutuma,” akasema.

“Kanituma ndiyo. Na mimi nimekuja kwa miguu yangu.”

“Ukae basi. Unisaidie kukata huu uzi.”

Nikanyoosha mkono nipokee mkasi. Hakunipa. Aliuweka mezani mbele yangu, ncha ikielekea upande wake, akaondoa mkono, ndipo nikauchukua. Sikushangaa. Hata kwetu Tanga ndivyo tulivyolelewa: wembe, sindano, kisu, mkasi, chochote chenye makali humpi mtu mkononi, unakiweka naye anakiokota. Ukimpa mkononi mtagombana, au litamfika la kumfika, nawe ndiye utakayekuwa umempa. Bibi yangu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala.

Nilimwambia yote niliyokuja nayo. Nikamwambia kwamba ni mchezo tu wa wazee, kwamba ni nusu dakika, kwamba mumewe amelitamani jambo hili na kila mtu anajua anavyolistahili. Jeanne alisubiri nimalize. Kisha akazima redio.

“Miye ni wa Uvira,” akasema. “Vijana wa porini walikuja kwetu, wakasema kila nyumba itoe mwanaume moja. Kwetu alibaki Emery, mudogo wangu. Baba alikuwa amekufa. Komanda wao akasema, bunduki atapewa na mwanamuke wa ile nyumba, ili kesho tusiseme walimuiba. Mama akaanguka chini, hakuweza. Wakaniita miye.”

Alikuwa anazungumza huku akikunja kitambaa, akikikunjua, akikikunja tena.

“Nikataka niiweke ku mukeka, sawa vile tunafanyaka na kisu. Ile komanda akanipiga ku shingo. Akasema, mu mikono! Umupatie mu mikono! Njo nikamupatia. Ile wiki wakamurudisha amekufa, juu ya mulango wa nyumba ya mutu, walikuwa wameung'oa ili wamubebee.”

Nilikuwa nimekwenda na hoja zangu nimezipanga vizuri, na zote zilinitoka. Niliona haya.

“Papa Arlène anajua?”

“Anajua. Anasema ni zamani.” Akachukua mkasi. “Dada, ile bunduki yenu haina risasi, nimesikia. Lakini miye nilipatia mutu wangu bunduki mara moja. Siwezi kumupatia mwingine.”

Njiani kurudi nyumbani nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia mkulima mwenye ndevu na pipa lake la unga. Nilimkasirikia Ignace kwa kuita jambo lile mambo ya zamani. Nikajikasirikia na mimi, kwa sababu hata baada ya kusikia yote hayo, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa bado inafikiria rangi ya maua.

Ignace nilimpigia simu nikamwambia ukweli: mkewe hataikabidhi, na mimi sitamwomba tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba samahani, kwamba jamaa zake wa Bukavu wameshaambiwa, kwamba mchungaji ameshatangaza kanisani, kwamba wanafunzi wake wamechangishana wamnunulie koti. Nikamwambia hayo akamwambie mkewe. Akasema ameshamwambia.

Nilianza kumwandikia mke wa makamu wa rais kuhusu gauni. Kabla sijatuma, Jeanne akapiga simu.

“Nitakuja,” akasema. “Nitaitoa mu kioo, nitaibeba mupaka fasi anasimama. Umuambie muzungu wako atulie.”

Mtu anayetaka kusikia ndiyo hahitaji kuambiwa mengi. Nilishukuru, nikamwambia Bwana Lourens, naye akashukuru. Ignace alinitumia ujumbe wa mikono iliyokunjwa ya kusali, mingi mpaka ikajaza kioo cha simu. Hakuna kati yetu aliyemuuliza Jeanne baada ya kuibeba atafanya nini.

Sherehe ilikuwa Jumapili adhuhuri, katika ukumbi wa hoteli hapo hapo Midrand, magari yakipita chini kwenye barabara kuu ya Pretoria. Wanachama walijaa. Wazee walikuja na beji zao, vijana na suti za kubana. Wanafunzi wa Ignace walikaa nyuma wamenyooka, wote na viatu vilivyopigwa rangi. Arlène alikuwa meza ya mbele na simu yake. Ni msichana wa chuo, Kiswahili anakielewa chote ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Marais wastaafu walio hai nao walikuwapo, yule wa teksi akiwachekesha wenzake.

Jeanne alikuwa amejishonea gauni la buluu iliyoiva, na kilemba. Niliposimama naye nyuma ya pazia nikampa maji, akanywa, akanirudishia glasi. Mikono yake ilikuwa imetulia. Nilifurahi kuona hivyo. Kama ningekuwa na akili ningeogopa.

Bwana Lourens alisimulia habari za pipa la unga kama kila mwaka, na watu wakaguna mahali wanapoguna kila mwaka. Kisha akamwita Ignace, naye akapanda, akasimama kwenye alama niliyoibandika sakafuni. Kisha akamwita Jeanne. Kabati la kioo lilikuwa upande wa kushoto wa jukwaa, mlango umefunguliwa. Jeanne akaitoa bunduki kwenye mikanda yake, akaikumbatia kifuani, akatembea bila haraka mpaka mbele ya mumewe. Ignace alinyoosha mikono yote miwili.

Kati yao palikuwa na meza ndogo ya mkurugenzi, yenye kitambaa cheupe, jagi la maji na karatasi za hotuba. Jeanne alilisogeza jagi kwa kiwiko. Akailaza bunduki juu ya kitambaa, taratibu, mtutu ukielekea ukutani, akaondoa mikono yake, akarudi nyuma.

Mzee mmoja wa meza ya mbele akasema “Hapana” kwa sauti, kisha wengine wakaanza kunong'ona, na kunong'ona kukawa kelele. Bwana Lourens alikuwa mweupe kama kile kitambaa. Akanishika mkono kando ya jukwaa.

“Mwambie aichukue ampe. Upesi.”

Nikapanda. Nakiri nilipanda kwa sababu ndiyo kazi yangu, na miguu ilinipeleka kabla sijaiuliza. “Mama Arlène,” nikasema, “sherehe inaharibika. Mkurugenzi anaomba umpe.”

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe, na kipaza sauti cha mezani kilikuwa wazi, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia alichosema, ingawa walioelewa hatukuwa wengi.

“Emery nilimupatia na mikono yangu. Weye, kama unaitaka, iko pale. Ukamate mwenyewe.”

“Anasema nini?” Bwana Lourens akaniuliza.

“Anasema aichukue mwenyewe.”

Ignace alikuwa bado amenyoosha mikono. Aliishusha. Sijui ni muda gani tulisimama hivyo, sisi watatu na ile meza, huku viti vikikwaruza sakafu. Nilimwona akiwatazama wanafunzi wake kule nyuma, kisha akamtazama Arlène, ambaye simu ilikuwa imemlala mapajani.

Akainama, akaichukua.

Aliichukua kama anavyowafundisha walinzi wake, kidole mbali na kifyatulio, akafungua akaangalia ndani kama ni tupu. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kwa huruma nadhani, na wengine wakafuata. Bwana Lourens alipumua. Akanisemesha pembeni ya mdomo kwamba kiapo kikishasemwa yataisha, watu watakumbuka kiapo, na picha nitamchagulia isiyoonyesha meza. Namjua mkurugenzi wangu, na nilijua yuko sahihi. Ushoroba wetu una mambo mengi yaliyofunikwa kwa makofi. Kilichobaki kilikuwa ni sentensi mbili na jina la mwanamke ndani yake.

Ignace akasogea kwenye kipaza sauti. Kiapo ni cha Kiingereza, na Kiingereza chake ni kizuri, kina uzito wa Kifaransa.

“Nimeipokea,” akaanza, “kutoka mikononi mwa...”

Akasimama hapo. Jeanne alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anangoja kusikia jina lake, na mabega yake yalikuwa yamepanda juu, kama mtu aliyekwisha kupigwa shingoni na anajua pigo linatoka wapi. Mimi niliyaona. Ignace pia aliyaona, maana alikuwa amegeuka anamtazama, na hakuutazama ukumbi tena mpaka alipomaliza.

“Hapana,” akasema. “Mke wangu hakunipa. Iliwekwa chini, nami nimeiokota. Nimeiokota mimi mwenyewe.”

Ingekuwa afadhali kama angetukana. Wazee waliinuka. Bwana Lourens alikwenda mwenyewe kwenye kipaza sauti, akakifunika kwa kiganja, akamwomba Ignace arudie, akamwambia ni maneno tu, hakuna anayemtaka aamini, aseme kama yalivyoandikwa na leo jioni jina lake litakuwa linachongwa kwenye kibao. Si mtu mbaya, narudia. Alikuwa anampa nafasi.

“Nimeshasema, Bwana Lourens,” Ignace akamjibu. “Siwezi kusema alinipa.”

“Basi siwezi kukuapisha.”

“Najua.”

Akairudisha bunduki juu ya kitambaa. Mkurugenzi akatangaza kwamba chakula kiko tayari, jambo ambalo halikuwa kweli, na jikoni walinilaani. Makamu aliapishwa baadaye ofisini, mlango umefungwa. Mkewe alikuwa na mikono imara na wala hatukuhitaji maua. Kijitabu cha mwaka ujao nimeshaambiwa nikiandike vipi. Kuhusu siku ile hakitakuwa na kitu.

Mimi nililia pale kando ya jukwaa, na sina sababu ya kuficha. Nimepanga harusi, mazishi na sherehe za watu wengi, na sijaona mwanamume akimpa mkewe kitu kikubwa kama kile, tena bila kumgusa.

Ignace alishuka, akamfuata Jeanne kwenye ngazi. Koti alilonunuliwa na wanafunzi wake lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

“Twende nyumbani, Mama Arlène,” akasema.

“Twende wapi?” Jeanne akauliza. “Miye sijakula.”

Meza ya mbele haikuwa yao tena, kwa hiyo niliwakalisha kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ambako wanafunzi waliwasogezea viti na kujifanya wana shughuli kwingine. Niliwaletea sahani mimi mwenyewe: wali, nyama ya kuoka, maboga. Jeanne alikula. Alikula kwa bidii, kichwa chini, mpaka akafika nusu ya sahani. Arlène alikuwa amekaa kati yao. Ignace alishika uma tu.

“Ile siku,” akamuuliza mkewe, “Emery alisema nini?”

Jeanne alitafuna, akameza, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha hoteli.

“Alisema aksanti,” akajibu. “Miye ni mukubwa wake, unajua, walimufundisha adabu. Alipokea na mikono mbili, akasema, aksanti dada. Sawa vile nilimupatia chakula.”

Ignace akaweka uma. Jeanne akaendelea kusema, habari za Emery, jinsi alivyokuwa mvivu wa kuoga na hodari wa hesabu, jinsi alivyomdanganya mwalimu kwamba nyumba yao imeungua. Mimi nilikuwa bado nimesimama na jagi la maji mkononi. Nikaliweka, nikavuta kiti, nikakaa nao kusikiliza.